Gutiere Yenye Tundu Moja

Kitu cha kwanza alichokiona Rosette asubuhi ile kilikuwa alama ya kandambili. Ilikuwa nyuma ya nyumba, pale ambapo matone ya paa yamechimba mstari wa vishimo vidogo ardhini tangu nyumba ilipojengwa. Kandambili ilikanyaga mstari huo katikati, ikafuta vishimo kadhaa, na kisigino chake kiliishia karibu kabisa na jiwe jeupe. Ilikuwa kandambili kubwa, ya mwanamume. Na nyuma kule hapakuwa mahali pa wanaume. Palikuwa na jiko, kinu cha kutwangia sombe ya majani ya muhogo, kamba ya kuanikia nguo na mazungumzo ya wanawake.

Rosette aliinama, akausawazisha udongo kwa kiganja, polepole, kama mtu anayetandika kitanda ambacho aliyelala bado yumo. Alipoinua macho ndipo alipouona uzi. Baba yake alikuwa amefunga uzi wa kuvulia samaki kutoka kona moja ya paa hadi kona ya pili, ukavutwa mpaka ukanyooka.

Akaelewa. Baba alikuwa amepima. Ile gutiere aliyoisema tangu kiangazi kianze, ule mfereji wa bati wa kukingia maji ya mvua, sasa ilikuwa inakuja kweli, na ingepita hapa, juu ya jiwe.

Baba yake aliitwa Albert, lakini mtaani pale, katika mji wa Baraka kando ya ziwa, hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa papa Rosette, na mkewe Pulchérie aliitwa mama Rosette, kwa kuwa Rosette ndiye mzaliwa wao wa kwanza. Jina lake lilitembea mbele ya wazazi wake kila mahali, sokoni, kanisani, kwenye misiba. Wasichana aliosoma nao kabla hajaacha shule, walipokuwa darasa la nne, sasa walikuwa mama Merveille na mama Dieumerci. Walipokutana naye njiani walimsalimu vizuri, kisha wakaendelea na maneno ya watu wenye watoto. Yeye alikuwa Rosette tu.

Lakini Rosette alikuwa amezaa.

Mtoto wake alizaliwa miaka michache nyuma, mvua zilipoanza, naye hakumaliza mwezi. Homa ilimchukua kabla hajajua kucheka. Kwa mila za upande wa mama yake Rosette, mtoto ambaye hajaota meno hawekewi matanga. Wanaume hawaitwi, hakuna anayelala nje, hakuna nyimbo. Wanawake wa nyumba hiyo humzika wenyewe, na wanaume hawaulizi amelala wapi. Bibi yake Rosette, aliyekuja kutoka kijiji cha Swima kwa ajili ya uzazi, ndiye aliyechimba kwa jembe la mpini mfupi, chini ya ukingo wa paa, kati ya dirisha na kona. Juu yake akaweka jiwe jeupe alilolitoa kwenye ufuko wa kwao.

"Mutoto mudogo halale ku jua," bibi alisema. "Maji ya nyumba yabo imuangukie. Asisikie kiu, asiende kutafuta kwingine."

Bibi alirudi Swima, na mwaka uliofuata naye akazikwa huko. Waliobaki wakijua mahali pale ni wawili, Rosette na mama yake, na hao wawili hawakuwahi kupazungumzia. Mvua iliponyesha, mama alifagia upande mwingine. Rosette alijilaza kitandani nyuma ya dirisha lile, akasikiliza matone yakigonga jiwe. Yalikuwa na sauti yao, si sawa na ya yale yaliyoangukia udongo. Aliposikia sauti hiyo alilala vizuri.

Baba wa mtoto alikuwa kijana wa Bibokoboko, aitwaye Nsengimana, aliyekuwa akiteremsha maziwa kutoka milimani. Alikuwa amekwisha kuja nyumbani na mjomba wake kusema maneno ya heshima, na papa Rosette alikuwa amewapa viti. Kisha mambo yakaharibika kule juu. Nyumba zilichomwa, za hawa na za wale, watu wakakimbia huku na kule. Jamaa za Nsengimana wakaondoka na ng'ombe waliosalia, na hakuna habari iliyorudi. Nsengimana aliacha jina tu, la kwao milimani, la mtoto ambaye alikuwa bado tumboni. Mtaani wakati ule wengi walikuwa wakiwalilia watu wao, na jina la milimani, likitamkwa kwa sauti, liliweza kufanya majirani waache kukusalimu. Papa Rosette alimwita binti yake chemba, akasema jambo moja. "Hiyo jina isisikike hapa. Mi sina ubaya na mutu. Lakini ukuta iko na masikio."

Halikusikika. Hata siku ya kumfukia mtoto, Rosette alilisema moyoni.

Kuhusu gutiere, papa Rosette hakuitaka kwa ajili ya majivuno peke yake. Mwaka uliopita mkewe alishikwa na kipindupindu. Walimbeba mpaka kwenye mahema ya wagonjwa, na yeye hakuruhusiwa kuingia, akakaa nje ya uzio ameshika viatu vya mkewe mapajani. Mama alipona, lakini alirudi amekuwa mwepesi kama kikapu. Siku hiyo baba aliviweka viatu mlangoni akasema kwamba maji ya ziwa, mama Rosette hatayanywa tena. Bomba la mtaa lilikauka mara kwa mara. Paa la nyumba yao lilikuwa la mteremko mmoja, na maji yake yote yalimwagikia nyuma, yakaenda bure na kuchimba vishimo. Sasa mahindi ya shamba lao la Kilembwe yalikuwa yameuzwa vizuri, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya ziwa mchana kutwa. Ilikuwa lazima maji yale yapate njia ya kuingia kwenye pipa.

Rosette alilijua hilo. Yeye ndiye aliyeosha nguo za mama alipotoka mahemani. Ndiyo maana neno lilikwama. Ungemwambiaje mtu aliyeshika viatu vile kwamba aache maji yamwagike?

Baba alimchukua waende pamoja kwa Bertin, fundi wa bati mwenye atelye, karakana yake, karibu na soko. Alimchukua kwa sababu, alisema, macho ya Rosette hayana haraka, na kitu kikiwa na kasoro yeye hukiona. Njiani alizungumza peke yake kwa furaha. Nyumba ni uso wa mtu, alisema. Alitaka kitu cha kudumu, lakini pia mtu akipita aone kwamba humo mna watu wanaojiheshimu.

Bertin alikuwa mtu mnene mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya bati, naye alipenda maneno. Aliwaonyesha gutiere za aina tatu. Ya kwanza ilitokana na makopo makubwa ya mafuta ya kupikia, yaliyokatwa na kukunjwa. Iling'aa. Papa Rosette akaishika akaisifu.

"Iache, papa Rosette," Bertin akasema. "Leo inangaa. Kesho utachungia nayo chai."

Ya pili ilikuwa na rangi ya kijani, nzuri kwa mbali. Bertin alichukua msumari akaukwaruza upande wa ndani, rangi ikatoka kama ganda la yai, na chini yake kulikuwa na chuma kitupu kilicho tayari kushika kutu. Akasema hiyo imevaa koti bila shati. Ya tatu alienda kuitoa ndani, ikiwa imefungwa kwa gunia. Ilikuwa bati nene lililopakwa zinki, na juu ya zinki rangi ya tofali lililoiva. Ukingo wake wa mbele ulikunjwa mara mbili ili usipinde, na vishikizo vyake vilikuwa vya chuma kipana. Bertin aliigonga kwa kidole. Haikulia kama kopo, ilijibu kwa sauti nzito.

"Hii njo gutiere," akasema. "Mi nitakufa, itabakia."

Papa Rosette alimgeukia binti yake. "Mama yako anataka maji. Mi nataka uzuri. We Rosette, unataka nini?"

Aliuliza kwa mzaha, na Bertin alicheka, lakini Rosette alihisi swali lile limeingia mpaka mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuuliza kitu. Alitazama chini. Alipitisha kidole ndani ya ile ya tatu, kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta kasoro, na hakuipata. Akauliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo hata fundi akamwinamia. Aliuliza kama pale vipande vinapoungana huwa panavuja.

"Ya Bertin? Hata tone," Bertin akasema, karibu akasirike.

"Basi ni hiyo," Rosette akamwambia baba yake.

Alichagua vizuri, na hicho ndicho kilichomuuma njia nzima. Angeweza kusifia ile ya makopo, ikaoza baada ya mvua chache, na matone yakarudi mahali pao. Lakini ingekuwa ni kumnyima mama maji. Alichagua iliyo bora kwa mama, na kila alipokumbuka uimara wake aliliona jiwe likikauka. Itadumu kuliko Bertin. Maana yake itadumu kuliko yeye mwenyewe Rosette, na kiu ya mtoto ingekuwa ndefu kiasi hicho.

Jioni, wakitwanga sombe yeye na mama yake, alijaribu. Alianza kwa kusema kwamba fundi atakuja kesho. Mama akaitikia. Akasema kwamba gutiere itashika ukingo wote. Mama akasimamisha mtwangio. Wote wawili hawakuangalia upande wa jiwe.

"Mi naifikiria pia," mama alisema mwisho. "Nitamumwangia na kikombe. Kila mvua."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mama kumtaja mtoto, na hakumtaja jina. Rosette alishukuru kwa kichwa, wakaendelea kutwanga. Lakini alipolala aliliona pengo la neno lile. Kikombe kinatoka mkononi, na mkono husahau. Mkono huugua, husafiri, huzeeka. Bibi hakusema maji ya mkono, alisema maji ya nyumba yao. Paa halisahau. Mvua ikinyesha, paa humpa kila aliye chini yake haki yake bila kuulizwa ni wa nani.

Bertin alikuja kukiwa na ubaridi bado, na ngazi, makaa yake ya kuyeyushia risasi ya kuungia bati, na chupa iliyojaa maji nusu ya kupimia mteremko. Alianza kona ya juu, mbali na jiwe. Alipigilia vishikizo, akakaa mbali kidogo akafumba jicho moja, akashusha kimoja kwa upana wa kidole. Papa Rosette alishika ngazi. Mama alikaa kwenye kigoda akichambua maharage, na maharage yale hayakwisha.

Kipande kwa kipande gutiere ilisogea. Ilikuwa nzuri kweli. Rangi yake ya tofali iliufanya ukuta wa nyuma, uliozoea kupuuzwa, uonekane kama umevishwa mkanda mpya. Mama Merveille wa jirani alichungulia juu ya ua akasema sasa mama Rosette ataanza kuoga mvua kama bibi harusi. Mama akatabasamu, na tabasamu likakatika upesi.

Bertin akashuka, akahamisha ngazi, na mguu mmoja wa ngazi akautua kando ya jiwe.

Rosette alikuwa ameshika kikombe cha maji ya kumpa fundi. Alikitua chini kando ya ukuta. Akasema, "Fundi, utoboe hapo."

Bertin hakusikia vizuri. Rosette akarudia, akionyesha juu ya jiwe. Tundu dogo, alisema. La kupitisha tone.

Bertin alimtazama baba yake, kisha yeye. "Mi naziba matundu, dada. Sijatoboa hata moja. Unataka watu bapite hapa baseme Bertin amekula feza ya papa Rosette bure?"

"Rosette," baba akasema, "jana uliuliza kama inavuja. Umechagua yenye haivuji. Leo unataka ivuje. Unacheza?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka na anayetaka kumaliza kazi nzuri. Bertin alikuwa tayari ameweka mguu kwenye ngazi. Rosette alimtazama mama yake, na mama aliacha kuchambua, akayatazama maharage yake. Hapo akajua kwamba hakuna mtu mwingine. Kama neno lingekuja, lingetoka kwake, na kama halikutoka sasa, lingezibwa kwa risasi pamoja na viungo vya bati.

"Niko na mutoto hapo," akasema.

Makaa ya Bertin yalipasuka kidogo kwenye jiko lake. Papa Rosette aliangalia mahali kidole cha binti yake kilipoelekea, kwanza juu, kisha chini, kwenye jiwe jeupe ambalo labda alikuwa ameliona mara nyingi akadhani ni la kusugulia miguu. Aliiachia ngazi. Akarudi nyuma hatua moja, akavua kandambili zake, akabaki peku.

"Juzi nilikanyaga hapa," akasema.

"Niliona, papa. Nilisawazisha."

"Ni mama yangu njo aliweka jiwe," mama akasema kutoka kwenye kigoda. "Alisema mutoto apate maji ya nyumba."

Papa Rosette aliliangalia jiwe tena. Desturi ilimkataza kuuliza, naye alikuwa ameitii desturi hiyo mpaka akaja na uzi wa kupimia juu ya mjukuu wake. Uso wake ulikuwa kama siku ile nje ya uzio, alipokuwa na viatu mapajani. Kisha akamgeukia fundi akamwambia neno moja. "Toboa."

Bertin alitoa mguu kwenye ngazi. Aliisogeza ngazi kwanza, akaitua mbali na jiwe. Alichagua msumari mwembamba kuliko yote, akakitoa kile kipande kilichokuwa bado hakijaungwa, akakilaza juu ya gogo, akampa Rosette nafasi ya kuonyesha mahali. Akagonga mara moja. Tundu lilipopatikana, aliikunja midomo ya tundu hilo kuelekea chini, ili tone lisitambae kwenye tumbo la gutiere bali lianguke moja kwa moja. Akapaka risasi kuzunguka ukingo wake, kwa sababu kutu, alisema kwa upole, huanzia mahali bati lilipojeruhiwa. Alifanya tundu lile kwa uangalifu mkubwa kuliko aliofanya viungo vyote.

Saa ya kujaribu, papa Rosette alipanda mwenyewe na beseni, bado miguu mitupu, akamwaga maji kwenye kona ya juu. Maji yalikimbia ndani ya bati kwa sauti ya chini, yakafika kona, yakashuka na bomba, yakaingia kwenye pipa. Mama alisimama, akatia mkono ndani ya pipa, akauacha humo. Na katikati ya ukingo, chini ya tundu, tone likajaa, likaning'inia, likaanguka. Likagonga jiwe kwa sauti ileile. Likafuata jingine.

Walisikiliza mpaka yakaisha.

Bertin alikusanya vyombo vyake. Papa Rosette alikuwa anaukunja ule uzi wa kuvulia kwenye vidole vyake, mzunguko juu ya mzunguko. Fundi alifika kwenye pembe ya nyumba akasimama. Hakuwa akitania tena, ingawa alijaribu kutabasamu.

"Batu bataona hili tundu," akasema. "Bataniuliza ni gutiere ya nani hii. Nibaambie ni ya papa Rosette, ama?"

Jibu lilikuwa rahisi. Papa Rosette ndiye mwenye nyumba, na nyumba yote ilikuwa na jina hilo. Ng'ambo ya ua, mama Merveille alikuwa bado anaanika nguo, akisikia kila kitu. Rosette aliiona mikono ya baba yake ikisimama kwenye uzi. Baba alikuwa anajua kilichokuwa kinakuja, na alimtazama binti yake usoni. Hakusema hapana.

"Hapana," Rosette akamwambia fundi, na sauti yake ilifika mpaka uani kwa jirani. "Ni ya mama Ihirwe. Mi njo mama Ihirwe."